UZI: Miaka yangu ya kufukuzana na besi ziwani Naivasha, raha ni kiganja na taabu ni gunia

NdoanaKutu
Wakuu, habari za jioni. Uzi huu utakuwa mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Naishi Nakuru. Tangu 2013, Jumamosi yoyote yenye nafasi nashuka Naivasha kuvua besi kwa fimbo. Simaanishi ile besi ya kwaya. Ni samaki, mgongo wa kijani, mstari mweusi ubavuni, na mdomo uliopasuka mpaka nyuma ya jicho. Asili yake Amerika Kaskazini. Sivui niuze. Nilianza siku ambayo mwenzangu wa kazini alinipa fimbo nimshikie aende haja. Kabla hajafunga zipu, kitu kilinyakua chambo kando ya mafunjo, kikaruka juu ya maji, kikatikisa kichwa kama mbwa aliyenyeshewa, kikatema ndoana, kikaenda zake. Sijapona hadi leo.

Nina daftari. Kila safari naandika tarehe, rangi ya maji, chambo na idadi. Juzi umeme ulikatika, nikakaa na tochi nikahesabu. Safari 147. Safari nilizorudi bila besi hata mmoja: 81. Mkubwa kuliko wote: kilo mbili na robo, Machi 2016, picha bado iko kwenye simu na nimeihamisha kutoka simu hadi simu kama cheti cha ndoa. Sasa jumlisha petroli, boti ya kukodi, leseni, halafu uniambie kama nina akili timamu. Mke wangu alishatoa hukumu yake.

Siku mbaya zina aina zake. Kuna siku ya maji ya chai. Mvua ikinyesha huko juu Nyandarua, mto Malewa unashusha udongo, na upande wa kaskazini wa ziwa unakuwa rangi ya chai ya maziwa. Besi huwinda kwa macho. Siku hiyo unaweza kurusha mpaka bega liteguke, yeye yuko mita mbili na hakuoni wala humuoni.

Kuna siku ya upepo. Asubuhi ziwa ni kioo, ikifika saa saba mawimbi yanaipiga boti mbavuni na mshipi, ule uzi wa ndoana, unapinda kama upinde. Wamaasai waliposema Nai'posha, maji yanayochafuka, hawakuwa wanatunga shairi.

Kuna siku ya kunasa. Maji yalianza kupanda baada ya ule ukame wa 2009, na mwaka 2020 yakaingia mpaka kwenye nyumba za watu. Migunga iliyokuwa ukingoni ikafa imesimama majini, na chini kuna nyaya za seng'enge ambazo zamani zilikuwa ua wa shamba. Sasa besi ni mvamizi wa kuotea, anapenda kujibanza penye kivuli na gogo. Kwa hiyo ili umpate lazima urushe palepale utakapopoteza chambo. Vyangu vilivyoning'inia huko chini vinatosha kufungulia duka.

Na kuna siku ya kiboko. Nilikuwa nimesimama ukingoni, nyasi zikafunguka hatua kama kumi hivi. Nikaacha fimbo, sanduku na kiatu kimoja. Tangu siku hiyo sivui nikiwa nchi kavu, na anayeanza mchezo huu nikimshauri jambo moja tu ni hilo.

Siku nzuri je? Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, furukombe anaita juu ya mgunga mkavu, ukungu haujainuka. Unarusha mnyoo wa plastiki kandokando ya mafunjo, unauacha uzame wenyewe. Mshipi unasogea pembeni kidogo, kama mtu anayekuvuta shati kwa kidole. Hapo moyo unasimama. Siwezi kueleza zaidi ya hapo.

Lakini sijaleta uzi kwa ajili hiyo. Mwezi uliopita nilipata mmoja wa kilo moja na gramu mia nane hivi. Nikapiga picha, nikamrudisha majini kama ninavyofanya siku zote. Kijana anayeniendesha, nahodha wangu wa mwaka wa nne sasa, hakusema neno. Tukavua saa mbili zaidi, kimya. Tulipofika gatini akafunga kamba, akaniambia bila kunitazama: "Bosi, yule nyumbani kwangu angekuwa mboga ya siku mbili."

Nimekosa usingizi kidogo. Ninyi wenzangu mnafanyaje? Mnarudisha au mnabeba?

KitoweoKwanza
Safari 81 bila samaki? Mkuu, wewe huvui, unatembelea maji.

NdoanaKutu
@KitoweoKwanza nimecheka peke yangu kwenye matatu, watu wananiangalia.

Mshipi_wa_Tanga
Waungwana, salaam aleikum. Mimi wa bahari, nisamehewe nikipotoka. Huku Tanga mtu akienda mshipi harudi akasimulia kuwa kamwachia. Changu akishapanda ngalawani, amekwisha kuwa mchuzi, hana rufaa. Hilo la kurudisha limenishangaza, lakini nitawaachia wenyewe. Mimi naulizia ufundi. Kwa nini mnyoo wa plastiki? Ngisi hamna, sawa, hata dagaa hamna? Na chubwi, lile la kuzamisha mshipi, mnatia la uzito gani?

NdoanaKutu
Wa aleikum salaam, sheikh. Chubwi ni dogo sana, kama punje ya hindi, pengine hakuna kabisa. Maji tunayovua ni ya kina cha mtu kusimama au mara mbili yake, si mkondo wa Pemba. Besi hapendi kitu kinachodondoka kama jiwe, anapenda kinachozama kwa uvivu, kimechoka, kinaomba kuliwa.

Chambo hai kinafanya kazi tena vizuri sana. Shida yake samaki anakimeza mpaka tumboni, na ndoana ikishafika huko kumrudisha ni unafiki, atakufa tu kesho yake. Cha bandia anakiuma kwa mdomo, wakati mwingine hata hana njaa, ana hasira kwamba umepita mlangoni kwake. Kuna kijiko cha bati kinachometameta, kuna kisamaki cha plastiki chenye njuga ndani, kuna huo mnyoo. Maji safi natumia rangi ya majani, maji machafu nyeusi, ili walau kivuli chake kionekane.

Mgeni_2
Fimbo ya kuanzia bei gani wakuu?

NdoanaKutu
Nunua ya mtumba kwa anayeacha mchezo. Wapo kila mwezi.

MzeeWaMalewa
Vijana, nawasalimu. Nimesoma yote kwa miwani ya mjukuu.

Marehemu baba alikuwa akipiga makasia kwa wazungu waliokuja kuvua besi Naivasha, kabla uhuru haujafika. Alikuwa akitusimulia habari za ndege zilizokuwa zikitua majini, hizo za Imperial Airways, shirika la Waingereza, na abiria wakishuka na kofia zao. Tulidhani anatia chumvi. Hakuwa anatia.

Nawaambia hivi kwa sababu naona mnamzungumzia besi kama mwenyeji. Ziwa hili zamani halikuwa na samaki wa kuliwa. Kulikuwa na kasamaki kadogo, urefu wa kidole. Mwaka 1925 wakaletwa perege, mwaka 1929 akaletwa besi kutoka Marekani ili mabwana wapate mchezo, na baadaye wakaongezwa wengine. Kale kadogo kalionekana mara ya mwisho 1962. Wataalamu wengi kidole wanakielekeza kwa huyo mnayempiga picha.

Uvuvi wa nyavu wa biashara ulifunguliwa 1959, na kuanzia hapo ziwa likawa la wenye fimbo na wenye nyavu. Mwaka 1970 wakaleta kamba wekundu wa Louisiana, wale wa majini wenye magando. Hao kamba walimaliza yungiyungi na majani ya chini ya maji, lakini besi wakanenepa kwa kuwala. Tena kulikuwa na magugu yanayoelea, yale ya miaka ya sitini na yale ya gugumaji baadaye, wakati mwingine boti haipiti. Mwaka 2001 samaki walikuwa wamepungua hata serikali ikasimamisha uvuvi. Na miaka hiyohiyo akaanza kuonekana karpi, ambaye inasemekana alitoroka kwenye mabwawa ya kufugia huko juu akashuka na mto. Karpi hali kama besi. Anachimbua matope kwa pua kama nguruwe, maji yanachafuka, mayai ya wengine yanafukiwa. Ilipofika 2010 yeye ndiye aliyekuwa akijaza boti.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye daftari, hayo maji yako ya chai si mvua peke yake. Na mnapobishana kama besi arudishwe nyumbani, kumbukeni kwao ni Marekani.

KitoweoKwanza
Mzee amefunga mjadala na nauli ya ndege juu.

Nyasi_za_Texas
Shikamoo Mzee. Na wakuu wote, mambo.

Mimi kwetu Mwanza, lakini nipo Dallas mwaka wa tisa, kwa hiyo nipo huko ambako Mzee anasema ndiko kwao na besi. Wikendi navua Lake Fork, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Rekodi ya jimbo zima la Texas ilitoka pale, Januari 1992, kilo 8 na robo. Rekodi ya dunia ni kilo 10 na ushee, Georgia 1932, na mwaka 2009 Mjapani akaifikia ziwa Biwa. Nikisoma kilo mbili na robo za mwenzetu natabasamu, lakini si kwa dharau, maana nimeishi hapa miaka tisa na wangu mkubwa ni kilo tatu na kitu.

Hapa sheria inakuamulia. Lake Fork besi wa kati ya inchi 16 na 24 lazima arudi majini, na mwenye inchi 24 kwenda juu unabeba mmoja tu kwa siku. Ukipata wa kilo karibu sita au zaidi wakati wa baridi kali kwenda majira ya kuchipua, kuna mpango wa serikali wa kumchukua akazalishwe. Mashindano nayo tangu miaka ya sabini yamezoea kupima samaki wakiwa hai kwenye tangi na kuwarudisha. Imekuwa kama dini. Ukimkaanga besi mkubwa watu wanakutazama kana kwamba umekula mbwa wa jirani.

Mama alikuja kunitembelea, nikampeleka ziwani. Nikapata mzuri, nikambusu kwa mbwembwe, nikamwachia. Mama, ambaye amekulia na sangara na sato, akanyamaza kidogo kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, umeanza kuugua lini?"

Basi mimi nasema rudisha, lakini rudisha sawasawa. Lowesha mikono kwanza, mkono mkavu unamvua ule ute unaomkinga. Mshike mdomo wa chini, na akiwa mzito mwekee mkono wa pili tumboni, usimning'inize kama ufunguo. Kile kijino cha ndoana kinachorudi nyuma kibane kwa koleo kiishe. Picha moja, si kumi na tano. Jike kubwa ndilo lenye mayai mengi, na dume ndilo linalolinda kiota. Ukimtoa dume siku hiyo, samaki wadogo wanaingia na kumaliza mayai yote kabla hujafika nyumbani.

Dada_Karagita
Naombeni nafasi niseme kama mtu wa upande wa pili wa boti.

Mimi ni wa Karagita, hapa hapa kando ya ziwa. Mume wangu ana leseni ya uvuvi, mimi nauza. Nimepasua matumbo ya besi tangu nikiwa darasa la nne, na hilo la kamba Mzee hakosei, ukipasua unakuta vipande vyekundu vya magamba kama udongo wa vigae. Siku hizi tunapasua wachache. Wavu ukija na besi watatu tunaitana.

Kaka wa Texas, umeeleza vizuri na nimejifunza hilo la mikono. Lakini huko kwenu anayeshika usukani na anayeshika fimbo wote wana chakula kwenye friji. Huku huyo kijana amelala njaa ya mboga, ameamka saa kumi usiku kuwasha injini, amekutafutia samaki kwa akili yake, maana ndiye anayejua gogo liko wapi. Halafu anatazama unampa samaki busu na kumuaga. Asikie nini?

Na jingine. Unamrudisha kwa ajili ya nani? Kuna watu wanaingia usiku na nyavu za macho madogo, wanakokota mpaka kwenye mazalia. Huyo jike wako uliyemlowanishia mikono atakuwa kwenye gunia lao kabla hujapita Gilgil. Sisi wenye leseni tunasimama wakati wa kusimama, tunapima macho ya wavu, tunaonekana wajinga. Ninyi wa fimbo mkituona mnatuweka wote kapu moja, na hao wa usiku.

@NdoanaKutu sisemi wewe ni mtu mbaya. Nimekusoma, unaonekana una aibu, na mwenye aibu anaambika. Kosa lako ni moja. Mlielewana bei ya boti, hamkuelewana samaki ni wa nani. Hilo linasemwa kabla injini haijawashwa. Ukisema mapema kwamba leo naachia wote, yeye anajua, anaongeza mia mbili zake kwenye bei au anakataa. Asijue katikati ya maji.

Tena mume wangu mwenyewe besi wadogo anawatupa majini. Wala si kwa huruma. Anapiga hesabu.

Mshipi_wa_Tanga
Huyu dada kasema. Baharini kwetu mgao unajulikana kabla ya tanga kupanda: la chombo, la nahodha, la baharia. Hata wakija wageni wa mchezo, wale wa kufuata samaki nduaro, aghalabu wanaulizana mapema nani anachukua nini. Kwenye chombo ugomvi mwingi ni wa yale yasiyosemwa pwani.

Nyasi_za_Texas
Dada, sina cha kuongeza hapo. Nimekubali. Ila swali dogo, hao wa usiku wakikamatwa inakuwaje?

Dada_Karagita
Wanachomewa nyavu, wanarudi na nyingine. Tuachane na hilo, nina biashara hapa na jina langu si gumu kulikisia.

KitoweoKwanza
Mimi nilikuja kucheka nikabaki nasoma kama mtu wa mtihani. Sasa niulize la maana. Besi analiwaje? Karpi nilishakula, ile miiba yake midogo midogo inayojificha ndani ya nyama ilinifanya nile kwa kusali.

Dada_Karagita
Besi hana hiyo shida, mbavu zake zinaonekana, nyama nyeupe inajimega. Mkaushe vizuri, mpake chumvi na ndimu, mkaange mafuta yakiwa moto kweli, kisha nyanya, kitunguu, dania mwishoni. Usimwekee viungo vingi kama unaficha kitu. Karpi ndiye wa viungo vingi. Na karpi mkate mistari ya karibukaribu kabla ya kukaanga, ile miiba inakauka unaitafuna.

MzeeWaMalewa
Baba alikuwa akipewa vichwa. Wazungu walichukua miili. Supu ya kichwa cha besi ndiyo iliyonisomesha mpaka darasa la saba, kwa hiyo nisisikie mtu akimtukana sana huyo mgeni.

NdoanaKutu
Wakuu, nimerudi. Samahani kwa kimya, nilisema nisijibu mpaka niende kwanza.

Nilimpigia nahodha Alhamisi. Nikamwambia nilichoambiwa na Dada hapa, ila nikajifanya ni mawazo yangu (Dada nisamehe). Tukapatana hivi: wa kwanza na wa pili ni wake, wa ukubwa wowote unaoruhusiwa. Kuanzia wa tatu ni uamuzi wangu, ila akiwa jike limevimba mayai tunaliachia hata kama ndilo la kwanza. Hilo la mwisho amelitaka yeye, nilishangaa. Akaniambia anko wake ana nyavu na analalamika kila siku, kwa hiyo naye amechoka kusikia. Halafu akaongeza kwamba siku ile hakukasirikia samaki peke yake. Alikasirika kwa sababu nilimpa simu anipige picha ya kumwachia, yaani nilimfanya awe shahidi. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa.

Jumamosi tukaingia majini saa kumi na mbili kasoro. Nimenunua majaketi mapya ya kuokolea, moja langu moja lake, la zamani lilikuwa limebaki rangi tu. Tukapita karibu na ile migunga iliyokufa, kila kitu kimetulia, furukombe yupo, ukungu upo. Nikasema leo ndiyo leo. Nikarusha.

Kumbe Ijumaa usiku ilinyesha huko juu. Saa moja na nusu tukauona ule mstari wa udongo unatujia taratibu kutoka kaskazini, kama mtu anavyomwaga maziwa kwenye chai. Tukahama. Ukatufuata. Tukahama tena. Saa sita upepo ukaanza mapema. Nimepoteza vijiko viwili na mnyoo mmoja. Kitu kimoja kilivuta, nikapiga kelele, kikawa karpi amenaswa kwa bahati mbaya pezini. Nahodha akamchukua, akasema mkataba haukutaja aina ya samaki.

Daftari linasema: safari ya 148. Maji: chai. Upepo: saa sita. Besi: 0. Bila besi sasa ni 82.

Wakati wa kufunga kamba gatini akaniuliza kama wiki ijayo nitakuja. Nikamwambia mvua ikikatika. Akasema nije hata isipokatika, mkewe ameshajua kumkata karpi ile mistari.

KitoweoKwanza
82. Nimeandika.